Aliyeshikwa na Ndoano ya Athanase

Mume wangu Athanase alikuwa seremala, lakini watu wa kartie yetu, yaani mtaa wetu hapa Bunia, walimjua zaidi kwa fimbo yake ya kuvulia. Milango na vitanda alivitengeneza kwa sababu tulihitaji kula. Mtoni alienda kwa sababu asingeweza kukaa bila kwenda. Kila Jumamosi, kabla ya vita, alichukua fimbo yake ya mwanzi, kikapu, na kijembe kifupi cha kuchimbia minyoo, akashuka mpaka mto Shari. Mara nyingine alirudi na kambale wa kututosha sisi na majirani. Mara nyingine alirudi na samaki mmoja mdogo, na uso uleule wa furaha, mpaka nikawa nashangaa mtu huyu hufurahia nini hasa.

Alivua kwa ndoano moja. Wenzake waliweka ndoano nyingi kwenye kamba ndefu, wakaziacha majini mpaka kesho yake, wakakuta samaki wengine wameshakufa na kuvimba. Walipomcheka, aliwajibu, "Tumbo yangu ni moja. Ndoano moja inanitosha." Samaki aliyemtoa hakumwacha akitapatapa kwenye majani. Alimpiga mara moja nyuma ya kichwa kwa kijiti kigumu, kisha akamfunika kwa majani mabichi. Baba yake, aliyemfundisha kuvua kwenye vijito vya upande wa Gety, alimwambia kwamba mtu anayezoea kuangalia samaki akikata roho polepole atazoea kuangalia na mambo mengine.

Mvua za kwanza zikiingia na maji yakapata rangi ya chai ya maziwa, samaki wa magamba hupanda mto. Wanatafuta changarawe za juu, ambako maji ni mepesi, wakatage huko. Unawaona wakiruka kwenye mawe, wanaanguka, wanaruka tena. Majira hayo Athanase alivua kambale tu. Jike mwenye mayai akikamata chambo kwa bahati mbaya, alilowesha mikono yake kwanza, maana mkono mkavu unambandua samaki ute wake na baadaye anaota vidonda. Alimtoa ndoano ndani ya maji, akamshika kichwa kikielekea mkondo, akangoja mpaka mkia uanze kumsukuma. Hapo alifungua vidole. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na sitaficha kwamba siku ambazo sufuria ilikuwa tupu moyo wangu ulichemka.

Tena, kitu chochote kilichokuja na ndoano yake alikibeba. Nyuma ya karakana yake palikuwa na kiatu cha mpira, sufuria isiyo na kitako, mnyororo wa baiskeli, na gunia lililogeuka udongo.

"Baba Elodie, hii takataka yote ni ya nini?" nilimuuliza siku moja nikifagia.

"Ndoano yangu njo imeitoa. Inakuwa yangu. Nitairudisha mu maji namna gani?"

Alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa mto. Palikuwa na kijana mmoja fundi wa baiskeli, Aimé, mwenye duka lake la vibati karibu na soko. Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, Aimé na wenzake waliponda majani ya utupa, ile sumu ya samaki, wakaimwaga kwenye kidimbwi ambako Athanase alivulia. Samaki walielea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo, hata wale wa urefu wa kidole. Athanase alipofika, hakumpiga mtu. Alisimama majini, akaokota samaki mdogo mmoja, akamwekea Aimé mkononi mbele ya wanawake waliokuwa wakifua.

"Huyu utakula namna gani? Weye hauvue, Aimé. Weye unaloga mto."

Wanawake walicheka. Tangu siku hiyo watu wakamwita Aimé Muloji wa Samaki, yaani mchawi wa samaki. Watoto waliimba jina hilo mbele ya duka lake. Athanase hakulianzisha hilo jina wala hakulitumia, lakini Aimé alijua limetoka wapi.

Kisha vita ikaingia mjini, ikatoka, ikaingia tena. Katika mwaka ule wa elfu mbili na tatu kundi moja lilishika mji leo, jingine kesho, na sisi tulijifunza kuwasalimu wote. Hakuna aliyenunua mlango. Watu walikuwa wakiacha nyumba wazi na kukimbia. Unga ulipanda bei. Watoto wetu, Elodie, Constant na Gracieuse, walianza kunyamaza, na mtoto anayenyamaza kwa njaa unamwogopa kuliko anayelia.

Watu wengi wa Bunia waliacha kula samaki wa mto. Hawakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza. Sote tulikuwa tumeona, au tulikuwa tumesikia kwa mtu aliyeona, yale yaliyokuwa yakipita majini. Athanase alipanda juu zaidi, mbali na daraja, ambako alidhani mto ulikuwa bado mto.

Kufika huko kulihitaji kupita barieri. Wenye bunduki waliweka gogo barabarani na kila mtu alisimama. Wavuvi waliruhusiwa, mradi wakirudi watoe fungu. Lakini aliyesema anakwenda kuvua na akarudi na kikapu kikavu, huyo walisema alikwenda kupeleka habari ng'ambo. Jirani yetu Vital alirudi na kikapu kikavu. Walimpeleka nyuma ya ghala la zamani la kahawa, na mke wake mpaka leo hajui hata aombe dua gani.

Palikuwa na neno jingine, walilitangaza sokoni: mtu akiwa mtoni aachwe mtoni. Atakayemtoa na kumzika, huyo ni ndugu wa adui, na atamfuata.

Kwa hiyo nilianza kwenda na mume wangu. Mwanamume akienda peke yake ni mpelelezi. Akienda na mkewe ni mkulima tu. Elodie, mkubwa wetu, alibaki na wadogo zake mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mtoni, Athanase aliangalia maji, mimi nilikaa mgongo wangu ukigusa wake na kuangalia njia. Ndivyo tulivyovua mwaka ule.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, mvua ilikuwa imenyesha siku zilizotangulia na barabara ilikuwa ya utelezi. Barierini tulimkuta Aimé. Sikuwa nimejua kwamba ameingia kwa wenye bunduki. Bunduki yake ilining'inia kwa ukanda aliokata kwenye mpira wa baiskeli.

"Ah! Papa ya samaki," alisema. "Na leo amebeba bibi. Munaenda wapi?"

"Kutafutia watoto chakula," nilijibu haraka, kabla Athanase hajafungua mdomo.

"Sawa. Mukirudi, fungu yetu. Na kikapu isirudi kavu. Munajua habari ya kikapu kavu?"

"Tunajua."

"Apana weye, mama. Yeye aseme."

"Ninajua, Aimé," Athanase alisema.

Aimé alimtazama muda mrefu, kisha akasogeza gogo kwa mguu.

Kidimbwi cha juu kilikuwa kimya. Athanase alichimba minyoo kwenye udongo mweusi chini ya migomba iliyoachwa, akavika ndoano, akaitupa pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Boya lake lilikuwa kipande cha kandambili nyekundu. Kambale haumi kwa haraka. Huonja, huacha, hurudi. Ukivuta mapema unamfundisha akili. Alikuwa akinieleza hayo kwa sauti ya chini, kama kila mara, na mimi nilisikia nusu tu kwa sababu macho yangu yalikuwa njiani.

Kisha akanyamaza katikati ya neno.

Niligeuka. Boya lilikuwa limezama, lakini halikuchezacheza. Lilikwenda chini polepole na kubaki huko. Alivuta. Fimbo ilipinda mpaka nikadhani itavunjika, na upande wa pili hakuna kilichopigana.

"Ni gogo," nilisema.

Alishika mshipi kwa vidole viwili, kama anavyofanya kujua kilicho chini, na nikaona uso wake ukibadilika. Alivuta kidogo kidogo, akitembea kandokando ya maji. Nguo ya bluu ilipanda juu, ikajaa hewa. Halafu bega.

"Kata mushipi," nilisema.

"Ngoja."

"Baba Elodie, kata mushipi! Haukusikia walisema nini ku soko?"

"Nilisikia."

"Basi kata! Weye iko na watoto watatu mu nyumba."

"Ndoano yangu njo imemushika," alisema. Hakupaza sauti. "Baba yangu alinionyesha: mutu akishikwa na ndoano yako, inakuwa ndugu yako mpaka wenyewe wafike. Kama nakata mushipi, minamutupa mara ya pili."

"Na wakituona?"

"Weye angalia njia."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilipanda kwenye kichuguu, nikaangalia njia, mashamba, kilima cha ng'ambo, tena njia. Kila ndege aliyeruka kwenye matete alikuwa mtu mwenye bunduki. Nyuma yangu nilisikia maji yakitiririka kutoka kwenye kitu kizito, na pumzi za mume wangu. Sikugeuka mpaka aliponiomba kitambaa. Nilikuwa nimevaa vikwembe viwili, yaani vitenge vya kujifunga, kama mwanamke yeyote anayetembea mbali. Nilivua cha juu, nikampa nikiwa nimefumba macho.

"Ni wa upande gani?" niliuliza.

"Ni mwanaume. Hana mambo ya upande tena."

Hatukuwa na jembe, ila kile kijembe cha minyoo. Alichimba kwenye udongo laini juu ya mahali maji hufika wakati wa mafuriko, nami nikashuka nikachimba kwa mikono, kwa sababu aliyekuwa akichimba peke yake angechelewa na kuchelewa kungetuua. Shimo halikuwa refu. Tulilijaza, tukaweka mawe kwa ajili ya mbwa, tukarudisha majani juu. Athanase alipiga goti.

"Ndugu," alisema, "sijue jina yako. Mungu anaijua. Utusamehe shimo ni fupi."

Ndivyo alivyosali, na mimi nilikuwa nimeshasimama. Jua lilikuwa limeondoka katikati ya mbingu, na kikapu chetu kilikuwa kikavu kama siku kilipofumwa.

Hakutaka kuvua tena kwenye kidimbwi kile. Sikubishana, hata mimi nisingeweza. Tulipanda juu mpaka penye mawe, ambako mto unashuka kwa kelele na povu. Hapo boya halifai. Aliliondoa, akafunga kijiwe kidogo juu ya ndoano, akatupa mbele ya jiwe kubwa na kuuacha mkondo ubebe chambo wenyewe, mshipi ukiwa umenyooka juu ya kidole chake. Alitupa, akaacha, akarudisha. Alitupa tena. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, na nilimwambia anawe, akasema harufu ya minyoo inasaidia. Sijui kama alikuwa anasema kweli au alikuwa ananituliza.

Samaki walikuwa wanaruka. Niliwaona wazi, wa magamba, wanene, wakijirusha kwenye povu. Kambale hakuja.

"Wale pale!" nilisema.

"Wale wanapanda kuzaa."

"Ninaona wanapanda. Na siye tunashuka kufa."

Alitupa tena, na safari hii mshipi ulikimbia. Huu sasa ulikuwa uhai. Fimbo ilitetemeka, samaki akateremka na mkondo, Athanase akamfuata juu ya mawe akimpa mshipi na kumnyang'anya, mpaka akamchosha na kumleta kwenye maji mafupi. Alikuwa mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko, tumbo limejaa. Alipomgusa tu, mayai machache ya manjano yakamtoka, yakaanguka majini.

Nikamwona mume wangu akilowesha mikono.

Alimtoa ndoano. Akamshika kichwa kikielekea mkondo. Mkia ukaanza kupunga.

"Athanase," nilisema. Kwa kawaida simwiti kwa jina lake. Namwita kwa jina la mtoto wetu. "Nakuomba."

"Hatupate mwingine?"

"Angalia jua."

Hakuangalia jua. Alimwangalia samaki. Vidole vyake vilianza kufunguka, nikaona kabisa vinaanza kufunguka, kisha vikafunga. Alimtoa majini, akamlaza juu ya jiwe, akachukua kijiti. Mkono ulioinua maiti ulikosea pigo hapo, na badala ya kumpiga mara moja alimpiga mara mbili.

Tulirudi. Nilikuwa nimefuta udongo usoni kwake kwa ncha ya kikwembe kilichobaki, nikasafisha mikono yangu kwa mchanga, lakini chini ya kucha haukutoka. Njia nzima nilipanga maneno. Nilijiambia: samaki tunaye, kikapu kimelowa, watachukua na tutapita.

Barierini walikuwa wanne, pamoja na mkubwa wao aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akila karanga. Aimé alichukua kikapu, akaondoa majani. Alitabasamu, na baadaye tabasamu likasimama. Alimbonyeza samaki tumboni kwa kidole gumba. Mayai yakatoka.

"Shefu," alisema bila kugeuka, "kuja uone kitu."

Mkubwa akaja akitafuna. "Samaki. Na kisha?"

"Huyu papa miye ninamujua. Huyu hauwake mama ya mayai. Hata akufe njaa, anamurudishaka mu maji. Aliniharibiaka jina Bunia muzima juu ya samaki kidogo kama hii." Akaonyesha ncha ya kidole. "Leo anauwa mama ya mayai. Juu ya nini? Mutu asiye na haraka anangojaka kambale. Papa Athanase, mulikuwa wapi saa zote hizi, mpaka ukakosa wakati ya kuvua?"

Katika maneno yote niliyopanga, hilo sikulipanga. Nilikuwa nimeogopa kikapu kikavu, kumbe wema wa mume wangu ndio ungetushitaki.

"Na mikono yenu?" mkubwa aliuliza. "Udongo mupaka huku?"

"Minyoo," Athanase alisema.

"Minyoo iko mu kisima ao nini?"

Wenzake walicheka. Aimé hakucheka. Alikuwa akimtazama mume wangu, na mimi namjua mume wangu. Akiulizwa mara ya pili atasema kweli. Hajui njia nyingine. Nilimwona akivuta pumzi ya kusema.

Nikamrukia.

"Mwambie!" nilipiga kelele. "Waambie ulitaka kufanya nini! Weye mwanaume gani? Unahurumia samaki, watoto yako hauhurumie! Constant amelala na maji ya chumvi jana, na huyu ananawa mikono ili amurudishe samaki mu mto! Ati anapanda kuzaa! Na miye sikuzaa? Watoto yangu niliwaokota?"

Nilimpiga kifuani kwa ngumi. Sikuwa naigiza sana. Hofu yote ya siku ile ilitoka hapo.

"Njo miye nilimukataza! Nilimushika mikono! Tumepigana mu udongo kama watoto, juu ya samaki moja! Angalieni kikwembe yangu iko wapi, imeenda na maji!"

Wale wawili waliokuwa kwenye gogo walianguka kwa kicheko. "Papa, bibi amekuvunja!" mmoja alisema. "Shefu, tumupe huyu mama bunduki!" Mkubwa naye alicheka, maganda ya karanga yakamtoka mdomoni.

Aimé aliinua mkono wakanyamaza kidogo. Alimsogelea mume wangu.

"Ni kweli, papa?"

Athanase alinitazama, kisha akamtazama samaki ndani ya kikapu.

"Niliuwa mama ya mayai leo," alisema. "Kwa mikono yangu. Roho inaniuma."

Ilikuwa kweli yote, na machozi yalikuwa yakimtoka, mtu mzima, mbele ya vijana. Aimé aliyaona. Nadhani alikuwa ameyangoja machozi hayo kwa miaka. Niliona kitu kikilegea usoni mwake, na maswali juu ya muda na udongo yakampotea, maana alikuwa amepata kitu alichokitaka zaidi.

"Basi sema," alisema. "Sema wote wasikie. Weye na miye, nani muloji wa samaki?"

"Aimé..." nilianza.

"Mama, nyamaza. Yeye aseme."

Athanase aliinamisha kichwa. Kuna wanaume ambao wangesema mara moja na kusahau kabla hawajafika nyumbani. Yeye ilimchukua muda, na wale wenye bunduki walingoja, na mimi ndani ya moyo nilikuwa nikimsukuma kwa mikono yote miwili.

"Ni miye," alisema.

"Sema vizuri."

"Muloji wa samaki ni miye. Aimé ananishinda wema."

Aimé alipiga makofi. Alimtoa samaki, akamwinua kwa matamvua ili wenzake wamwone, akamrushia mkubwa wake. Kikapu akakitupa miguuni petu.

"Endeni. Na siku ingine usifundishe watu kuvua."

Tulitembea. Sikuruhusu miguu yangu ikimbie mpaka tulipopinda kwenye ukuta wa kanisa. Hapo nilishika ukuta nikatapika, na Athanase akanishika kichwa, na mikono yake ilinuka mto.

Nyumbani Elodie alifungua, akatazama kikapu, akaenda kuchochea moto. Nilipika majani ya muhogo bila mafuta. Nilidhani mambo ya siku ile yameisha. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga kesho, tutasema nini tukiulizwa, nitapata wapi unga. Athanase alikuwa ameketi kwenye kibao mbele ya karakana. Aliniita, akanipa wembe.

"Uninyoe."

"Apana."

"Mama Elodie. Mutu akifiwa na ndugu, ananyolewa."

"Unataka wote wakuone? Barieri iko karibu hivi! Watauliza nani amekufa."

"Leo nilikataa jina yangu mbele ya watu, nikakubali ile ya Aimé. Juu yako na watoto. Hii sitakataa."

Nilibaki nimesimama na wembe mkononi. Ningeweza kuutupa chooni. Nilimfikiria yule mtu chini ya mawe, na kikwembe changu juu yake, na mama fulani mahali fulani, Nizi au Gety au nyumba ya tatu kutoka hapa, akitazama mlango kama mimi ninavyotazama wa kwangu. Nikaleta maji. Nilimnyoa taratibu, na nywele zake, zilizoanza kuwa nyeupe, ziliangukia kwenye takataka za mbao.

Kulipopambazuka aliketi uani kwenye jamvi, kichwa wazi, kama wanavyoketi wenye msiba. Nilimwomba aketi ndani. Alikataa. Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yetu Mama Scholastique, ambaye kaka yake alikwenda Nizi kutafuta dhahabu tangu mapigano ya kwanza na hajaleta habari. Alikuja kuomba moto, na kigae mkononi. Alisimama langoni.

"Jamani! Mumefiwa?"

Nilifungua mdomo nitafute uongo wowote, mjomba, binamu wa mbali, ugonjwa. Athanase alinitangulia.

"Ndiyo, mama. Ndugu."

"Ndugu gani tena? Wa Gety? Anaitwa nani?"

"Sijue jina yake."

Mama Scholastique alimtazama. Alitazama mikono yake, udongo chini ya kucha, kisha akanitazama mimi na kikwembe kimoja nilichobaki nacho. Anapenda maneno huyu mama. Habari za kartie yote hupita kwake kabla ya kufika kwa wenyewe, na nilijua kwamba neno moja langoni lingefika kwenye gogo la barabarani kabla ya jua kupanda.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Shati ya bluu," Athanase alisema. "Mikono mifupi."

Midomo yake ilitembea. Sijui shati la kaka yake lilikuwa la rangi gani, na yeye hakusema. Alikiweka kigae chini, akavua viatu vyake, akaketi kwenye jamvi kando ya mume wangu na kuanza kulia, mwanzo polepole, kisha kwa nguvu. Mimi nilikwenda nikafunga lango, nikasimama hapohapo na kusikiliza hatua za barabarani.